Papa Anazaa Kama Ndovu, Sisi Tunamvua Kama Omena

Kama uko kwa grupu yoyote ya WhatsApp ya familia, hii picha ushaiona. Barabara imefurika, gari limekwama, na kando ya mlango papa mkubwa anapita zake polepole kama msee anatafuta parking. Chini mtu ameandika "jamani tuombeane". Auntie ametuma, mjomba ametuma tena, na mvua ikinyesha mwaka ujao itarudi ikisema ni mahali pengine.

Hiyo picha ni feki. Ilianza kuzunguka 2011 watu wakisema ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene. Mafuriko ya Houston yalipokuja 2017, ikafufuka. Lakini papa mwenyewe ni wa ukweli. Alikatwa kutoka kwa picha ya mpiga picha Thomas Peschak, iliyochapishwa na jarida la Africa Geographic mwaka wa 2005. Kwa hiyo picha orijino, papa mweupe mkubwa anafuata kimtumbwi cha manjano kwenye bahari ya Afrika Kusini, na ndani yake ameketi mwanasayansi mmoja akimwangalia. Unajua alifanywa nini? Hakufanywa kitu. Papa alikuja, akacheki ni nini hii, akaenda.

Sasa fikiria. Picha ya papa akimwacha mtu kwa amani haikutosha. Ilibidi akatwe, abandikwe kwa barabara, ndio tuogope vizuri. Na huo uoga wetu una mtu anayeulipia, na si wewe. (Na kabla uniulize, naongea kuhusu papa wa baharini, si yule wa Vatican.)

Huu uoga ulitoka wapi?

Uoga mwingine tumezaliwa nao. Huu wa papa mwingi wake ulitengenezwa studio.

Mwaka wa 1974 mwandishi Mmarekani anayeitwa Peter Benchley alitoa kitabu kinachoitwa Jaws. Mwaka uliofuata, 1975, Steven Spielberg akakigeuza filamu. Stori ni ya papa mmoja anayewinda watu ufuoni kama ana deni lao. Papa wenyewe walikuwa mashini. Waigizaji na mafundi walimpa jina Bruce, na alikuwa anaharibika kila saa hadi Spielberg akalazimika kutumia muziki na kivuli cha maji badala ya kumwonyesha. Hiyo ndiyo ilifanya filamu iwe noma zaidi. Watu waliogopa kitu ambacho hata hawajakiona.

Baada ya hapo, huko Marekani wasee wakaanza kutoka na boti wikendi kuua papa kwa sifa tu, ndio wapigwe picha wakiwa wamesimama kando ya mzoga. Na tangu wakati huo filamu hazijaisha. Ukiwa mtoto uliona za kwako kwa kibanda cha video, pengine zimetafsiriwa na DJ Afro, papa anapewa hadi maneno ya kutukana. Siku hizi ziko Netflix. Kuna Sharknado, papa wanaletwa na upepo. Kuna The Meg, ya megalodon, papa mkubwa aliyekufa akaisha duniani miaka milioni tatu na zaidi iliyopita, lakini kuna mtu kwa comments anaapa bado yuko.

Kitu wengi hawajui ni kwamba walioanzisha hii maneno walijuta. Benchley alitumia miaka yake ya mwisho akitetea bahari na papa, na alisema wazi kwamba kwa yale aliyokuja kujua, kitabu kama kile hangekiandika tena. Alifariki 2006. Spielberg naye alihojiwa na redio ya BBC mwishoni mwa 2022 akasema anajutia kabisa vile papa walimalizwa baada ya kile kitabu na ile filamu.

Wenye stori wameomba msamaha. Sisi tuliosimuliwa ndio bado tunashikilia.

Hebu tupige hesabu

Chuo Kikuu cha Florida kina watu ambao kazi yao ni kuhesabu kila kisa cha papa kuuma mtu duniani. Mwaka wa 2024 walipata visa 47 ambapo papa alimuuma mtu ambaye hakuwa amemchokoza. Hiyo ni dunia nzima, bahari zote, watu zaidi ya bilioni 8. Waliokufa kwa hivyo visa ni 4. Kuna miaka inapanda, wanaoumwa wanafika kama 70, lakini waliokufa kwa kawaida hawafiki 10.

Weka hiyo kando ya barabara zetu. Hapa Kenya pekee, watu zaidi ya 4,000 wanakufa kwa ajali kila mwaka miaka hii ya karibuni. Na bado asubuhi unadandia nduthi, helmeti iko lakini imening'inia kwa mkono wa dereva, na hauwazi chochote. Ziwani Naivasha watu wanaogopa papa wa kwa TV na kiboko yuko mita ishirini kutoka kwa boti.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka wa 2013 watafiti walitoa makadirio ya papa wanaouawa na binadamu kila mwaka. Jibu lilikuwa karibu milioni 100. Soma tena polepole. Wao wanatuua wanne, watano, kumi mwaka mbaya. Sisi tunawaua milioni mia. Kama hii ni vita, hata si vita. Ni mtu mzima anapiga mtoto halafu anapiga nduru akisema amechokozwa.

Papa ni nani haswa?

Kuna aina zaidi ya 500 za papa. Wengi wao ungekutana nao ungefikiri ni samaki wa kawaida. Mdogo kabisa unaweza kumshika kwa mkono mmoja. Mkubwa kabisa anafika mita 12 na zaidi, urefu wa basi, na chakula chake ni vidudu vidogo vya baharini anavyochuja kwa maji. Hana haja na mguu wako.

Wale wanaohusika na karibu visa vyote vibaya ni aina tatu: papa mweupe mkubwa, papa mwenye milia, na yule mnene wa pua butu ambaye anaweza hata kuingia mtoni. Na hata hao, mara nyingi wakimuuma mtu wanaonja tu na kuachilia. Mtu akilala kwa ubao wa kuteleza na mawimbi, ukimwangalia kutoka chini anafanana na sili, ule mnyama mnono wa baharini ambaye papa mweupe anampenda. Maji yakiwa machafu, kosa linafanyika. Papa hana mikono ya kushika kitu ajue ni nini. Ana mdomo tu, na hapo ndipo shida inaanzia.

Na ile stori ya kwamba papa ananusa tone moja la damu kutoka maili moja? Hapana. Watafiti waliwapima na kupata pua zao hazijawashinda sana samaki wengine. Harufu ni lazima isafirishwe na maji hadi imfikie, na bahari ni kubwa. Kitu wanacho ambacho kweli ni cha ajabu ni vitundu vidogo puani vinavyosikia umeme. Moyo wa samaki ukipiga akiwa amejificha chini ya mchanga, papa anajua yuko hapo.

Hawa wasee wako kwa hii dunia zaidi ya miaka milioni 400. Walikuwa hapa kabla ya miti. Kabla ya dinosaria. Walipona majanga yaliyomaliza karibu kila kitu kingine. Halafu sisi tukaja na nyavu za nailoni, na ndani ya miaka 50 tukaanza kuwamaliza.

Mbona wanaisha haraka hivyo?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanafikiri papa ni samaki, na samaki hawaishi. Omena unavua leo, baada ya miezi michache wengine wamekua. Samaki wengine wanataga mayai kwa maelfu, hata mamilioni.

Papa si hivyo. Papa ni kama ndovu. Papa mweupe wa kike, kulingana na utafiti, anaweza kufika miaka 33 kabla hajazaa mara ya kwanza. Huo ni umri wa mtu ambaye nyumbani washachoka kumuuliza ataoa lini. Papa wenye kichwa cha nyundo wanabeba mimba miezi tisa hadi kumi na miwili. Kuna aina moja ndogo ya papa wa maji baridi inayobeba mimba karibu miaka miwili, sawa na ndovu kabisa. Na kule Aktiki kuna papa ambaye watafiti mwaka wa 2016 walisema anaishi angalau miaka 272. Kuna wengine wao walio hai leo ambao walizaliwa kabla ya reli ya Mombasa, kabla hata ya mtu kuota kuijenga.

Kwa hivyo ukivua mama mmoja wa papa, haujavua samaki mmoja. Umefuta miaka ishirini, thelathini ya kungoja. Na ukivua vitoto vyake kabla havijakua, hakuna atakayemrithi. Hiyo hesabu haiwezi kubalansi hata ukiipeleka kwa nani.

Matokeo tunayo. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Kati ya kila kumi waliokuwepo wakati babu yako alikuwa kijana, wamebaki watatu hivi. Papa mwenye kichwa cha nyundo, yule unayemjua hata ukiwa haujui papa mwingine yeyote, sasa yuko kwa orodha ya viumbe walio karibu kabisa kuisha duniani. Daraja lake ni lile lile la faru mweusi. Faru ana askari mwenye bunduki usiku na mchana. Papa ana nani?

Kumbuka Aprili 2016, Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu pale Nairobi National Park, dunia nzima ikitazama. Ilikuwa sawa kabisa. Lakini umewahi kuona mtu akichoma mapezi ya papa mbele ya kamera?

Supu ya watu wenye doh

Mapezi ndiyo haya: yale mabawa ya papa, pamoja na lile la mgongoni linalotokeza juu ya maji kwa filamu. Kule Uchina, Hong Kong na nchi nyingine za Asia, supu ya mapezi ya papa ni chakula cha harusi na karamu za watu wenye pesa. Ukimpikia mgeni hiyo, umemheshimu. Na cha kushangaza, pezi lenyewe halina ladha. Ladha yote inatoka kwa mchuzi wa kuku au nyama. Pezi ni la kutafuna tu, na la kuonyesha uko na chapaa.

Kwa sababu pezi ni ghali na nyama ni ya bei ya chini, huko bahari kuu meli nyingine zilizoea kufanya kitu kibaya. Papa anavutwa, mapezi yanakatwa akiwa hai, halafu mwili unarudishwa majini kuokoa nafasi. Papa bila mapezi hawezi kuogelea, na aina nyingine zisipoogelea haziwezi kupumua. Anazama polepole hadi chini akifa.

Lakini habari nzuri iko. Mwaka wa 2006 Yao Ming, yule mchezaji wa basketi wa Uchina mrefu kuliko mlango wa keja yako, aliapa hadharani kwamba hatakula tena hiyo supu, na akaingia kwa kampeni ya shirika la WildAid. Watu walimsikiza. Mwaka wa 2012 serikali ya Uchina ikatangaza kwamba itaondoa supu ya mapezi kwa karamu zake rasmi. Biashara haijakufa, lakini heshima imepungua, na hii ni biashara inayokula heshima.

Kisha kuna mkataba wa kimataifa wa CITES, ule ule unaolinda pembe za ndovu. Kenya ni mwanachama. Mwaka wa 2013, kwa mkutano wa Bangkok, papa wakubwa wenye vichwa vya nyundo waliingizwa kwa orodha yake. Mwaka wa 2022 kule Panama wakaongezwa karibu aina 100 za papa na taa. Maana yake si kwamba ni marufuku kabisa kuwauza. Maana yake ni kwamba kabla mapezi au nyama ivuke mpaka, nchi inayouza lazima itoe kibali na ionyeshe kwamba wale papa walivuliwa kihalali na kwamba kuwauza hakutawamaliza. Karatasi iko. Kazi sasa ni mtu wa forodha kufungua gunia na kujua pezi alilolishika ni la nani.

Na hapa kwetu Coasto?

Ni rahisi kuwalaumu watu wa Asia na supu yao. Lakini papa ana historia ndefu na Mswahili.

Ukienda sokoni Mombasa utapata papa mkavu wa chumvi, harufu yake inakufikia kabla umfikie muuzaji. Akirowekwa, akichambuliwa na kupikwa na nazi, kuna watu Coasto watakuambia hakuna dishi linaloshinda hilo. Miaka na miaka majahazi yalikuwa yakija na kaskazi kutoka Uarabuni yakibeba papa wa chumvi, na kurudi na kusi yakibeba boriti. Mafuta ya ini la papa nayo yalipakwa kwa mbao za vyombo ndio zisioze. Hayo mafuta yana jina lake kwa Kiswahili: sifa. Ndio, sifa, neno lile lile. Kwa mvuvi wa zamani, papa alikuwa na sifa kabla Hollywood haijamharibia jina. Hata wavu mkubwa wa kuvua papa una jina lake, jarife.

Kwa hivyo mtu asije kutoka Nairobi na fulana ya mazingira kumwambia mvuvi wa Msambweni au Ngomeni kwamba yeye ni muuaji. Huyo mvuvi ana mtumbwi au dau dogo. Hawezi kufika mbali. Anatupa nyavu mahali anapoweza kufika, na kinachoingia ndicho kinalipa school fees. Papa akiingia, nyama inauzwa papa hapa, na mapezi yanachukuliwa na dalali ambaye bei ya kweli ya Hong Kong hawezi kumtajia hata siku moja. Pesa nyingi ya hilo pezi haifiki kijijini.

Shida ni mahali. Papa wengi, wakiwemo wale wa kichwa cha nyundo, huja kuzalia maji ya kina kifupi karibu na nchi kavu, kwa ghuba na midomo ya mito, kwa sababu huko vitoto vinajificha wasiliwe na wakubwa. Ni leba wodi na nasari pamoja. Na hapo hapo ndipo mvuvi mdogo anafika. Ndio maana kwa meza za samaki utaona papa wa urefu wa mkono wako, wamepangwa kama ng'onda. Hao si aina ndogo ya papa. Hao ni watoto.

Mvuvi anajua hilo kuliko mimi na wewe. Waulize wazee wa bahari wakwambie papa walikuwa wangapi zamani, na walikuwa wakubwa aje. Papa wakiisha, wa kwanza kuumia ni huyo huyo mvuvi.

Wakiisha, kwani itakuwaje?

Swali halali. Ukiwa Umoja au Kisumu, papa akikosekana baharini unaumia wapi?

Angalia kule Australia, kwa ghuba inayoitwa Shark Bay. Watafiti waligundua kwamba papa wenye milia wakiwa karibu, kobe na nguva hawakai mahali pamoja wakifyeka nyasi zote za baharini. Wanakula wakihama hama, wakiogopa. Kwa hivyo nyasi zinapona. Papa hata hahitaji kuwala. Kuwa tu hapo kunatosha, kama vile mwalimu wa zamu akipita dirishani darasa linanyamaza. Nyasi za baharini ndizo samaki wengi wadogo wanakulia. Ukiondoa mwalimu, unajua vile darasa linakuwanga.

Kuna pia pesa. Nchi ndogo ya Palau ilitangaza mwaka wa 2009 kwamba maji yake yote ni hifadhi ya papa. Watafiti wakapiga hesabu kule: papa mmoja wa miamba akiwa hai, watalii wakija kumwona maisha yake yote, analetea nchi karibu dola milioni 1.9. Akivuliwa na kuuzwa, ni kama dola 108. Maldives, majirani zetu kwa hii Bahari ya Hindi, nao walipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka wa 2010.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Yule papa mkubwa wa urefu wa basi niliyekuambia, anapita hapa kwetu. Watu wa Coasto wanamwita papa shilingi. Wanasema Mungu alipomwona vile alivyo mzuri alimrushia shilingi kutoka juu, na ndio maana mgongo umejaa madoa meupe. Kule kisiwa cha Mafia, Tanzania, wanamwita potwe, na kila mwaka kuanzia Oktoba hadi kama Machi wanakusanyika karibu na Kilindoni. Watalii wanatoka ng'ambo kuogelea nao, na mwenyeji mwenye boti anapata riziki kwa samaki ambaye kesho atakuwa bado hapo.

Hata kuacha sehemu ya bahari ipumzike inawezekana bila serikali kuja na rungu. Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa chini miaka ya 2000 wakaamua kufunga kipande cha bahari yao. Ilikuwa kazi, kuna waliosema ni wazimu. Samaki wakarudi, na 2017 wakapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Ukitaka nasari za papa zilindwe, hiyo ndiyo njia: kikundi cha BMU cha hapo ufuoni kikae, kijue wanazalia wapi na miezi gani, kiamue nyavu zisitupwe hapo wakati huo, na mwenye kupoteza mapato apate kitu. Ukimwambia tu "acha", umemwambia alale njaa.

Wewe ufanye nini?

Haina haja uhamie Diani na uanze kupiga mbizi. Kuna vitu unaweza fanya ukiwa mtaani.

Kwanza, sokoni au hotelini, uliza ni samaki gani huyo. Ukiona papa mdogo wa urefu wa mkono, wacha. Pesa yako ndiyo inamwambia muuzaji alete nini kesho.

Pili, kama una mimba au unalea mtoto mdogo, nyama ya papa si ya kuzoea. Papa anakula samaki waliokula samaki, na zebaki yote ya huko chini inaishia kwake. Wataalamu wa afya huwaonya wajawazito kuhusu papa kwa sababu hiyo.

Tatu, na hii ni ya wale wa skincare: cheki hiyo chupa yako. Kuna mafuta ya ngozi yanaitwa squalane au squalene. Zamani yalitoka kwa ini la papa, na mengine bado yanatoka huko. Lakini yanatengenezwa pia kutoka kwa zeituni na miwa, na yanafanya kazi ile ile. Lebo ikisema ni ya mimea, sawa. Ikinyamaza, waulize wanaouza. Mko TikTok pamoja, watajibu.

Nne, vidonge vya gegedu la papa vinavyouzwa ati vinatibu saratani ni uongo. Hiyo maneno ilivuma baada ya kitabu cha 1992 kilichosema papa hawapati saratani. Wanapata. Vidonge vilipimwa kwa wagonjwa, na havikusaidia. Mathe wako akiuziwa hivyo, ameibiwa mara mbili, pesa na muda wa kwenda hospitali.

Tano, ukibahatika kumwona papa shilingi, usimguse, usimpande, usimzibie njia ndio upate selfie. Kaa kando, mwache apite.

Na mvua ikianza, grupu ya familia ikipata tena ile picha ya papa barabarani, usinyamaze. Wajibu auntie kwa heshima, umwambie huyo papa hakuwahi kuwa kwa hiyo barabara. Alikuwa Afrika Kusini, kwao, akifuata kimtumbwi, na hakumuuma mtu.